Bwana Nusunusu

Mgeni aliyepita nyumbani kwetu miaka ile ya hamsini, chini ya Mlima Rungwe, upande wa kushukia Tukuyu, alisimama kwanza njiani akashangaa. Nusu ya mibuni yetu ya kahawa ilikuwa imetandazwa majani makavu chini yake, na nusu nyingine imeachwa udongo mtupu, mpaka kati yake umenyooka kana kwamba umepimwa kwa kamba. Wengi walidhani mwenye shamba amechoka kazi akaenda kunywa. Wala hakuwa mnywaji. Alikuwa baba yangu, Asukile, ambaye sisi tulimwita Tata kwa Kinyakyusa chetu, na ambaye majirani wote walimwita Bwana Nusunusu.

Habari ya majani ilianza kwa bwana shamba, kijana wa Kihehe kutoka Iringa, jina lake Timotheo. Alikuja na kaptula yake ya kaki, akatukusanya, akasema tutandaze majani chini ya kahawa ili unyevu usikauke kiangazi. Watu wakagawanyika. Walioamini waliamini kwa sababu yule ni mtu wa serikali, na waliokataa walikataa kwa sababu hiyo hiyo. Jirani mmoja akasema, "Hii majani inaleta nyoka tu. Watoto wetu wataumwa." Mwingine akasema nyoka ni afadhali, majani yataleta mchwa. Tata alisubiri wamalize kelele zao, kisha akasema neno lake moja alilolisema maisha yake yote: "Tuone."

Basi akatandaza nusu. Kiangazi kilipokuja alikuwa akiingia shambani kila asubuhi, anachutama, anaingiza kidole kwenye udongo upande huu, kisha upande ule, na anafikiri. Majani yalishinda. Nyoka hakuonekana ila mmoja, naye alikuwa upande usio na majani, jambo ambalo Tata aliwasimulia majirani kwa furaha isiyo ya Kikristo.

Timotheo alidhani amempata mfuasi. Msimu uliofuata akamwambia apande maharage kwa mistari, kutoka juu mpaka chini. Tata akapanda nusu kwa mistari, na nusu akaichanganya ovyo na mahindi kama mama yake alivyokuwa akifanya. Mvua za kwetu unazijua. Zilishuka katikati ya mistari ile kama malori barabarani, zikabeba udongo mpaka mtoni. Bwana shamba alipokuja kukagua alimkuta Tata anang'oa.

"Bwana Asukile, mbona unang'oa maharage yangu?"

"Yameshindwa, bwana shamba. Majani yako yalishinda, maharage yako yameshindwa. Mimi sina chuki na wewe."

Timotheo alinuna, lakini baadaye walicheka pamoja, maana Tata hakuwa na upande. Hakujali jambo limesemwa na serikali, na mchungaji, au na marehemu mama yake. Alijali nusu zote mbili zipate udongo mmoja, mvua moja na jembe moja. Na nusu iliyoshindwa hakuionea huruma hata kidogo. Migomba aliyoletewa kutoka Kyela ilipozidiwa na ile ya kwetu aliichimbua yote. Kuku wawili walipoatamia, mmoja alimweka kwenye tenga karibu na jiko, mwingine nje chini ya ghala, akaangalia nani atatotoa vizuri. Yule wa nje mayai yake yaliviza, na Jumapili tukamla na ndizi. Dada yangu Alinanuswe, tuliyemwita Nuswe, hakugusa nyama ile.

Mimi na Nuswe ni mapacha. Kwa wazee wetu mapacha lilikuwa jambo la hofu. Walisema jamaa wote wa wazazi lazima wanywe dawa, la sivyo miguu yao itavimba. Tulipozaliwa, Tata alikuwa amebatizwa karibuni, na ukoo ukamjia juu. Yeye akasema anayetaka kunywa dawa anywe, asiyetaka aache, na hakuna kugombana. Kisha, bila aibu, akawa anazunguka kwa jamaa zake akikagua miguu, kama mnunuzi wa ng'ombe mnadani. Aliyevimba alikuwa mmoja tu, baba mkubwa Sedekia, kaka yake, ambaye ndiye aliyekunywa dawa kuliko wote.

"Nilikunywa kwa kuchelewa," akasema Sedekia.

"Na usingevimba, kaka?"

"Basi ningekuwa nimekunywa kwa wakati."

"Kwa hiyo ukivimba dawa ni nzuri, na usipovimba dawa ni nzuri?"

"Ndiyo. Ni dawa nzuri sana."

Tata alikuwa akisimulia hayo mpaka machozi yanamtoka kwa kucheka. Lakini msimdharau baba mkubwa. Alikuwa mtu wa kushika neno, na ukimwamsha usiku kuwa ng'ombe wamepotea, alikuwa mlangoni kabla hujamaliza kusema. Tatizo lake alikuwa na jibu kabla ya swali.

Mama yetu, Damari, alifikiri kwa njia nyingine kabisa. Yeye hakuhitaji nusu wala kamba. Ukimpelekea jambo lolote, alisema, "Yule binti wa pale mtoni, unakumbuka ilivyokuwa kwake?" Halafu akakueleza habari za mtu, mwanzo mpaka mwisho, na wewe ukajua la kufanya. Tata alipenda kumtania. "Mama Nuswe, hao watu wako ni wachache. Huwezi kujua." Naye alimjibu, "Na wewe kuku wako walikuwa wawili."

Sisi mapacha tulitoka tumbo moja, lakini vichwa vyetu havikutoka mahali pamoja. Mimi, Yudith, sijifunzi kitu bila kukigombeza. Katika shule ya misheni Mwalimu Yotamu alichoka na "kwa nini" zangu mpaka akawa ananiketisha mbali na ubao. Nuswe hakuuliza kitu. Alikaa kando ya mama anaposuka mkeka, anaangalia, anaangalia, siku zinapita, mpaka mnamwona mzembe. Kisha siku moja alichukua ukindu akasuka, na mkono wake haukukosea. Ilikuwa hivyo hivyo kwa hesabu. Mwalimu alimwambia Tata, "Huyu anakula swali, huyu anakula kwa macho, na wote wanashiba."

Mwaka wa hamsini na sita tulimaliza darasa la nne, na sote wawili tukapata nafasi ya kwenda shule ya kati ya wasichana Mbeya, ya bweni. Nilirukaruka uani kama mwehu. Jioni ile baba mkubwa Sedekia alikuja, akakaa, akakataa hata maziwa.

"Msichana akienda huko Mbeya anaharibika," akasema. "Anarudi hajui kusalimia. Hapigi goti. Hata mume hataki."

"Umeona wangapi hivyo, kaka?" Tata akamwuliza.

"Mmoja. Mmoja anatosha."

"Na hawa waliobaki nyumbani, wote wanasalimia vizuri?"

Baba mkubwa akawaka, akasema hii mambo ya kuulizana-ulizana ndiyo itamaliza ukoo. Nilifurahi, nikajua tumeshinda. Kumbe sikumjua baba yangu. Yeye hakumwuliza Sedekia ili amshinde. Aliuliza kwa sababu hakujua, na shaka ile ilimkaa moyoni. Wiki ile nzima alikula kidogo, akawa anatutazama tukichota maji, tukitwanga, tukicheka, kama anavyotazama shamba.

Jumapili baada ya ibada akatuita jikoni. Mwalimu Yotamu alikuwepo, na baba mkubwa pia. Tata alikuwa ameshika vijiti viwili.

"Nimefikiri," akasema. "Shule inaweza kuwa nzuri kwa msichana, inaweza kuwa mbaya. Mimi sijui, na ninyi wote hapa hamjui, mnasema tu. Lakini Mungu amenipa mapacha. Mbegu moja, maziwa mamoja, nyumba moja. Mmoja ataenda Mbeya, mmoja atabaki na mama yake. Baada ya miaka michache tutaona. Kwa haki, wavute kijiti. Mwenye kirefu anakwenda."

Aibu ni kwamba wote waliona ni busara. Mwalimu aliitikia kwa kichwa, kwa heshima. Baba mkubwa, ambaye maisha yake yote hakuwahi kukubaliana na nusu za mdogo wake, akasema sawa, hapo umesema. Mama alishika tama akatazama moto. Nadhani alikuwa anamtafuta mtu wa kumkumbuka, asimpate.

Na mimi, mwenye "kwa nini" nyingi kuliko shule nzima, sikuuliza hata moja. Nikamchukia Tata kwa dakika zile, nikamwona ni mtu wa mawe. Nilimtazama Nuswe, na kwa mara ya kwanza tangu tuzaliwe nilitamani ashindwe yeye. Nilijua naye anaweza kutamani hivyo hivyo juu yangu. Hilo ndilo lililoniuma zaidi. Vijiti vile vilikuwa vimeshatutenganisha kabla hatujavigusa.

Nuswe hakunyoosha mkono. Alikuwa anavitazama vijiti kwa yale macho yake, taratibu, kama anayetazama mkeka unavyoanza. Kisha akauliza. Yeye, ambaye hakuwahi kuuliza kitu!

"Tata, yule atakayeshindwa, utamfanyaje?"

"Atashindwa vipi?"

"Maharage uling'oa. Migomba ya Kyela ulichimbua. Kuku ulichinja. Mimi nikishindwa, au Yudith akishindwa, utamfanyaje?"

Hakuuliza kwa kejeli. Nuswe hana kejeli. Alikuwa ameangalia mambo ya baba yake miaka yote, nusu kwa nusu, na alitaka kujua tu zamu yake itakuwaje. Tata akavitazama vijiti kana kwamba mtu mwingine amemwekea mkononi. Halafu akavitupa motoni, akatoka nje, akaenda kwenye kahawa yake bila kofia, na manyunyu yalikuwa yameanza.

Mama alimpelekea kofia. Walikaa huko muda mrefu. Waliporudi, macho ya Tata yalikuwa mekundu, na hatukuambiwa ni moshi.

"Wanakwenda wote," akasema.

"Sasa utajuaje kama umefanya vizuri?" baba mkubwa akauliza. "Si unapenda kujua wewe?"

"Sitajua."

"Hutajua kabisa?"

"Kabisa, kaka. Sitajua." Alisema kwa shida, kama mtu anayeng'olewa jino. Watu wanaweza kudhani kuamua vile kulikuwa rahisi kwake. Yule mtu hakuwahi hata kubadilisha mpini wa jembe bila kubakiza ule wa zamani pembeni. Siku ile alitia watoto wake wawili kwenye jambo asilolijua, wazima wazima, bila cha kulinganishia. Nikimkumbuka leo namwona shujaa, na wala sitii chumvi.

Alitusindikiza mwenyewe kwa lori mpaka Mbeya, sanduku letu moja limekaa magotini mwake. Tulipofika Uyole, karibu na Mbeya, baridi ilitukamata, akavua koti akatufunika sote wawili, likawa halitoshi, akawa analivuta huku na huku. Getini alitushika vichwa, kila mmoja na mkono wake. Akasema tu tuwe tunakula.

Sasa sikilizeni jinsi mambo yanavyokwenda. Baada ya miaka miwili Nuswe alirudi nyumbani. Hakufukuzwa wala hakuugua. Alisema, "Nimeona vya kutosha, nataka kufanya." Akashika jembe na mikeka, akaanza kuwafundisha kina mama kushona kama alivyoona Mbeya. Mimi nikaendelea, nikigombana na kila mwalimu. Hivyo bila vijiti, bila mtu kupanga, ule mtihani wa Tata ukawa umejipanga wenyewe. Mmoja shuleni, mmoja nyumbani. Niliogopa kurudi likizo.

Krismasi ya mwaka wa hamsini na tisa tulikaa sote uani. Nilikuwa nimepiga goti nikamsalimia baba mkubwa vizuri sana, kwa makusudi, na yeye akakosa la kulalamikia. Nuswe alitoka jikoni na chungu cha ndizi, amechafuka masizi, anaimba. Sedekia akatutazama mmoja mmoja, akacheka, akamgeukia Tata.

"Haya, Nusunusu. Umepata ulichotaka. Sema sasa, ipi imeshinda?"

Watu wakasogeza vigoda, maana kweli walitaka kusikia. Nilimwona Nuswe amesimama na chungu chake, hajakitua.

Tata hakutuangalia. Ndicho kitu ninachokikumbuka. Mtu aliyechutama kila asubuhi kutia kidole udongoni, siku hiyo alishusha macho yake chini, kwenye miguu yake, akakataa kabisa kuyainua.

"Sikuangalia, kaka," akasema. "Nuswe, tua chungu, kitakuunguza. Yudith, sogea umpishe dada yako akae."