Kado Anapiga Mluzi Mlangoni

Mwalimu Séverine aliandika riwaya nne za mambo ya anga kabla hajakwama kwenye ya tano. Zote aliziandika kwa mkono kwenye kaunta buku, kwa kalamu ya bluu, jikoni kwa mama yake kule Kakese. Katika ya kwanza, wakulima wa mwaka 2090 walilima tumbaku ndani ya kioo, kwenye sayari isiyo na mvua. Katika ya pili, mashine ilifundishwa kuwahesabu wakimbizi, ikakwama siku ilipoletewa mtoto aliyezaliwa njiani. Ya tatu na ya nne mwenyewe hakuzipenda sana, lakini watu walizipenda.

Watu wenyewe walikuwa wale wa barazani kwa Gelasius, fundi cherehani wa Kawajense. Kila Jumapili baada ya misa Gelasius aliwasomea. Alianza na barua. Waliopata barua kutoka Burundi na hawakujua kusoma walimpelekea yeye, naye alizisoma kwa sauti, mbele ya watu, kwa kuwa wengi wao walikuwa wakimbizi wa kule na habari zake zilikuwa za wote. Barua zikiisha alifungua kaunta buku ya mwalimu. Kiti kilikuwa kile kile na sauti ile ile.

Riwaya ya tano iliitwa Reli ya Mwezini. Séverine alikuwa amepiga hesabu kama anavyowapigisha watoto wa darasa la sita: treni ikienda kilomita sitini kwa saa, bila kusimama Kaliua, ingefika mwezini baada ya siku mia mbili sitini na saba.

"Bila kuharibika?" Gelasius alimuuliza.

"Bila kuharibika."

"Basi hiyo siyo treni ya Mpanda, mwalimu. Hiyo umeiota."

Dereva wa treni hiyo aliitwa Kado. Kila mtu barazani alijua ni nani. Kado lilikuwa jina la nyumbani la Arcade, kaka yake Séverine, ambaye hakuingia nyumba ya mtu, hata ya mama yake, bila kupiga mluzi mara mbili mlangoni. Dereva wa kitabuni naye alifanya hivyo. Arcade alikuwepo riwaya ilipoanza, mwaka 1992, na alikuwa na malalamiko yake. "Siku zote hizo silali? Nipe msaidizi, dada. Na awe mnene, tucheke."

Julai ya mwaka 1993 Arcade alipanda treni ya kweli, akaenda Burundi kutazama shamba la marehemu baba yao. Septemba ilikuja barua moja; Oktoba vita vikaanza kule. Mwaka uliofuata Jean Bosco, kijana aliyeondoka naye, alirudi peke yake. Alikaa kwenye kigoda, akakataa maji, akasema amemwona Arcade amelala kando ya barabara, na kwamba hakuwa mzima.

"Sikusimama, mama," alimwambia mama yao, Vestina. "Waliosimama hawakufika. Sikusimama."

Séverine alisikia yote. Kisha akaenda shuleni, kwa kuwa alikuwa na kipindi. Alifundisha safari ya chakula tumboni, akachora utumbo ubaoni, ukatoka vizuri. Hakulia siku hiyo wala siku nyingine. Watu walisema mwalimu ana moyo mgumu. Yeye hakuona kama ana moyo wa namna yoyote. Alikuwa kama mtu aliyekalia mguu mpaka ukafa ganzi, ila ganzi hii haikuwa ya mguu.

Hapakuwa na mwili, kwa hiyo hapakuwa na mazishi. Lakini matanga yalipaswa kuondolewa. Mpaka yaondolewe, nyumba ya Vestina haikupika pombe wala kwenda harusini. Kila ndugu walipotaka kupanga siku, Séverine alisema, "Ngojeni nimalize kitabu." Kitabuni Kado alikuwa bado yuko njiani kurudi kutoka mwezini. Wakiondoa matanga, yeye angemfanya nini mtu aliye kwenye treni? Hilo hakuweza kumwambia mtu. Kaunta buku ilikaa chini ya mto miaka miwili bila kuongezwa mstari.

Mwaka 1996 Vestina alichoka. "Maharage yakishavunwa tunaondoa matanga," alisema. "Jumamosi ya kwanza. Kitabu kiwe kimeisha au hakijaisha."

Séverine akaketi akakimaliza kwa siku tatu, kama mtu anayesahihisha mitihani. Aliandika kwamba treni ilitua Mpanda asubuhi, Kado akatembea mpaka kwao, akapiga mluzi mara mbili mlangoni kwa mama yake. Hapo aliweka nukta. Hakusikia furaha wala uchungu. Alimpelekea Gelasius kwa baiskeli, akarudi kupepeta maharage.

Jumapili, saa saba mchana, vigelegele vilisikika njiani. Alikuwa Lidia wa Kasokola, rafiki wa Vestina tangu usichana, na wanawake watatu nyuma yake, mmoja amebeba kibuyu cha pombe ya ndizi.

"Vestina! Toka! Umejificha na mtoto wetu?"

Vestina alitoka mikono imejaa unga wa muhogo. "Mtoto gani?"

"Si Kado! Tumepita kwa Gelasius tumekuta barua inasomwa. Amefika! Amepiga mluzi mlangoni kwako! Mbona unanitazama kama mkwe?"

Vestina alitazama barabara. Alitazama kwa muda mrefu, akiwa ameinua mikono ile yenye unga isiguse nguo, kama vile mtu angeweza kutokea sasa hivi na asingetaka kumchafua.

Séverine alisimama kutoka kwenye ungo. "Ni kitabu, mama Lidia," alisema. "Haikuwa barua. Ni mimi nimeandika."

Kigelegele cha mwisho kilimkatikia mmoja mdomoni. Lidia akakaa chini palepale, kwenye maganda ya maharage. "Yebaba," alisema polepole. "Yebaba, Vestina, nisamehe."

Vestina alishusha mikono. "Kisome," alimwambia binti yake.

"Kitabu kiko kwa fundi, mama."

"Si umeandika mwenyewe? Sema."

Séverine akasema kwa kichwa, tangu treni kutua mpaka mluzi wa pili.

"Halafu alikula nini?"

"Sijaandika."

"Umemwacha mlangoni?" Vestina alimkazia macho. "Ametoka mwezini, umemwacha amesimama nje na njaa yake? Leta kalamu."

Akaleta kalamu na karatasi ya shule. Mama yake akasema, yeye akaandika: ugali wa muhogo. Maharage mapya, ya mawese. Ndagaa, wale wakubwa wa ziwani.

"Maji ya kunawa kwanza," Lidia alisema kutoka chini.

"Maji ya kunawa kwanza," Vestina alikubali.

"Halafu?" Séverine aliuliza. Mstari ulikuwa umeanza kupinda, akaona tone limeanguka juu ya neno ndagaa. Alilifuta kwa kidole, wino ukatapakaa.

"Halafu alale. Amechoka. Umfunike."

Akaandika kwamba alilala, na kwamba walimfunika.

"Jumamosi, basi," Vestina alisema.

"Jumamosi, mama."

"Na hiyo pombe leteni hapa. Haiwezi kurudi Kasokola."

Jumamosi ile waliondoa matanga. Jean Bosco alikuja, na safari hii alikunywa maji. Jumapili Séverine alimpelekea Gelasius karatasi. Fundi aliisoma kimya, akafungua kaunta buku ukurasa wa mwisho, akaiweka chini ya sindano ya cherehani, akaishona kwa uzi mweusi.

Aliposoma barazani, mmoja aliuliza, "Na alipoamka?"

Gelasius alivua miwani, akamtazama mwalimu.

"Hajaamka," Séverine alisema. Kisha akachukua baiskeli yake, kwa kuwa kesho yake alikuwa na kipindi cha kwanza.