Fundi Aliyesimama Nje ya Uzio

Kama unadhani natunga, panda gari uje Dongobesh uulizie studio yangu, hakuna asiyeijua. Nitakuvalisha hedifoni usikie mwenyewe, halafu ukitoka hapo ubishe tena.

Kwanza unijue. Mimi ni darasa la saba, na hilo la saba lenyewe nililimaliza kwa kubahatisha. Lakini kwaya nyingi unazozisikia kutoka Tumati mpaka Katesh zimepita mikononi mwangu. Studio nimeijenga tofali kwa tofali, magodoro ya ukutani nimeyagonga mwenyewe, kuchanganya sauti hakuna aliyenifundisha. Wenye vyeti vya chuo wanakuja kuniuliza maswali. Sasa mtu kama mimi utamtishia kivuli?

Kilichonitesa ni kompyuta. Nilikuwa na saundikadi, kile kiboksi unachochomekea maikrofoni ili sauti iingie kwenye laptopu. Nilikinunua Endagikot kwa mama mmoja ambaye mumewe alikuwa fundi wa muziki, akafariki. Kitu cha zamani, chuma kitupu, lakini niamini, hivi vipya vya plastiki havikifikii kwa sauti. Nilimkuta yule mama amekaa mkekani uani na wenzake, nikalipa, nikabeba, nikaondoka. Hata chai sikunywa. Mimi ni mtu wa kazi.

Wiki mbili kiboksi kilipiga kazi vizuri. Halafu laptopu ikaanza kunisumbua: mfumo mpya uko tayari, pokea. Nikifungua, pokea. Nikifunga, pokea. Jioni moja nikachoka, nikapokea. Nani anakataa kitu kipya cha bure?

Asubuhi yake kiboksi kinawaka taa nyekundu, na kompyuta inasema haikioni. Haikioni vipi, na kiko mezani? Nikachomoa, nikachomeka. Nikabadilisha waya. Nikazima, nikawasha, nikazima. Nikatafuta draiva mtandaoni, ile programu inayoifanya kompyuta ielewane na kiboksi. Waliokitengeneza walishaacha kuishughulikia. Wameandika tu: nunua kipya. Nilitamani kuirusha ile laptopu kisimani.

Na siku hiyo ndiyo alikuwa anakuja Mzee Bura. Huyu ndiye mzee anayejua slufay kuliko wote huku kwetu, yale maombi marefu ya Wairaqw ambayo mzee anasema mstari na watu wanaitikia. Koo lake lilikuwa limeota uvimbe. Kesho yake alikuwa anakwenda kupasuliwa, na daktari alishawaambia: atapona, lakini sauti haitarudi. Kwa hiyo ilikuwa ni leo au basi.

Walifika saa saba, yeye na binti yake, Mama Eliza. Nikamwamkia mzee, shikamoo, nikamkalisha kwenye kiti. Saa nane wamekaa. Saa tisa wamekaa, na mimi niko chini ya meza.

"Fundi," Mama Eliza akasema, "si ulitangaza wewe ni daktari wa sauti? Mgonjwa amefika, daktari anapuliza waya."

"Subiri kidogo, mama."

"Hiyo kidogo yako tuliila na chakula cha mchana."

Ukungu ulikuwa umeshuka, ule wa kwetu, hata mti wa jirani huuoni. Nikasikia hodi nje. Nikatoka. Nje ya uzio amesimama mtu wa rika langu, koti la bluu, kola imechanika upande mmoja.

"Habari za kazi, kaka. Nimesikia kiboksi kinakusumbua."

"Kinanisumbua sana. Karibu ndani."

"Siwezi kuingia. Nyumbani kwetu tuko kwenye metimani."

Hapo nikamwelewa. Kwa Wairaqw, nyumba ikifiwa, watu wake hujitenga kwa muda. Hawaingii kwa wenzao, hawashikani mikono, na vitu vyao havitoki nje mpaka metimani iishe. Siku hizi wengi wameacha, lakini anayeishika unamheshimu. Nikampa pole kwa mbali.

"Kiboksi ni kizima," akasema. "Mfumo mpya unaikataa draiva yake kwa sababu haina saini."

"Saini ya nani?"

"Ya wenye mfumo. Kwao, asiye na saini hayupo. Shikilia kitufe cha shifti, uizime laptopu na kuiwasha."

Nikakimbia ndani, nikafanya, nikarudi kwenye matope. Akaniambia pa kuingia. Nikakimbia tena. Safari ya tatu nikamwambia imeniletea orodha ndefu, na kabla sijaisoma akasema, "Bonyeza saba, itaacha kuuliza saini. Halafu uweke ile draiva ya zamani." Safari ya nne Mama Eliza akaniuliza kama nafanya studio au mazoezi ya mbio.

Taa ikawa ya kijani.

Nikatoka kumshukuru. Hayupo. Upande wake wa uzio udongo ulikuwa laini, haujakanyagwa hata na kuku. Unafikiri niliogopa? Sikuwa na nafasi ya kuogopa. Mzee alikuwa anasubiri.

Akasema slufay yake yote, dakika arobaini, akikohoa na kuendelea. Maikrofoni moja. Mimi na Mama Eliza tulinyamaza, waitikiaji ningewarekodi siku nyingine. Nikawasikilizisha. Kila mstari wa mzee ukiisha, mwanamume anaitikia, taratibu, palepale panapotakiwa. Yuko kwenye njia ya pili ya kurekodia, tundu ambalo halikuwa limechomekwa waya wowote.

Mzee Bura akaniangalia. "Nani huyo?"

Nikafuata waya wa maikrofoni kwa kidole mpaka kwenye kiboksi, ni ule ule mmoja.

Wiki iliyofuata nikaenda Endagikot. Kwa jinsi yule wa uzioni alivyokijua kiboksi, nilidhani ni ndugu wa marehemu, nikamwomba mjane anipeleke nimshukuru. Akaniletea picha. Koti la bluu, kola imechanika.

"Ndiye mume wangu," akasema. "Kile kiboksi kilitoka kabla metimani haijaisha. Mama mkwe alinisema sana. Na wewe hukukaa hata kutupa pole."

Siku hiyo nilikaa. Nikatoa pole mpaka jua likazama, na chai nikanywa.

Lakini sauti haikuondoka. Nikifuta njia ya pili, ya Mzee Bura nayo inafutika. Nikirudisha, zinarudi zote mbili. Ile laptopu siiunganishi na mtandao tena, maana ikipokea mfumo mwingine nani atakuja kunielekeza? Imekuwa ya kazi moja tu, na mimi, fundi mzima, imebidi ninunue nyingine na kiboksi cha plastiki ninachokidharau.

Mzee Bura alipona, sauti haikurudi. Huja Ijumaa, anavaa hedifoni, anajisikiliza. Siku moja nilimwomba ruhusa nijaribu tena kumtoa yule mtu. Akachukua daftari langu akaandika: Mwache. Ananiitikia vizuri.

Nami nakwambia wewe unayenunua vitu vilivyotumika: uliza vilikuwa vya nani. Kama nyumba ina msiba, kaa utoe pole, na metimani ikiisha ndipo ubebe. Na kompyuta ikikwambia pokea, usipokee siku ambayo kesho yake kuna mzee anakuja na sauti yake ya mwisho.