Theluthi Mbili na Mwamba wa Mita Kumi

Tarehe 6 Machi 1984, saa nne asubuhi, nilikuwa katika ofisi yetu ya upimaji huko Geita, nikiipa kompyuta mpya hesabu ambazo majibu yake niliyajua tayari. Programu zake hazikutoa jibu moja bali mipaka miwili, wa chini na wa juu, na ukweli ulipaswa kulala kati yake. Niliiagiza igawanye mbili kwa tatu. Mpaka wa chini ukaja 0.667.

Theluthi mbili, yaani 0.6666 isiyokoma, haifiki hapo. Mashine ilikuwa ikikadiria kama tulivyofundishwa shuleni, kwa kwenda kwenye tarakimu iliyo karibu, ilhali mpaka wa chini hauna ruhusa ya kupanda.

"Mama, huo ni unywele," mkuu wangu alicheka. "Hata sisimizi hapiti hapo."

Lakini wiki iliyotangulia, kabla ya majaribio, nilikuwa nimetia saini kibali cha shimo jipya la mgodi kando ya shimo la zamani lililojaa maji. Kanuni ilitaka mwamba kati ya mashimo hayo mawili usipungue mita kumi. Programu ilisema haupungui. Uchimbaji ungeanza mvua zikikatika.

Sikutulia. Nilirudia hesabu yote kwa penseli, nikishusha kila mpaka wa chini badala ya kuukadiria. Hatua zilikuwa nyingi, na kila moja ilidai unywele wake. Nikaishia mita tisa na nusu. Nikafuta, nikaanza upya; ikawa ileile.

Msimamizi wa wachimbaji alikuja kuulizia siku ya kuanza.

"Mwangaluka, mayu," alinisalimu kwa Kisukuma. "Mvua hazikawii kwisha hizi."

Nilimuuliza wao hupimaje.

"Kwa kamba ya katani. Mara moja ikiwa kavu, mara moja imelowa, maana ikilowa hufupika. Majibu hayapatani hata siku moja."

"Mnafuata lipi?"

"Linalotutisha." Akaitazama kompyuta. "Kwani hiyo yenu hailowi?"

Wiki ya nne tangu jaribio lile niliandika barua kwa mkuu, nakala kwa msimamizi yule: "Ninaondoa saini yangu katika kibali. Mwamba huenda haufiki mita kumi. Sina hakika, na ukosefu huo wa hakika nilipaswa kuuandika tangu mwanzo. Naomba shimo lisogezwe mbali zaidi kabla jembe la kwanza halijagusa ardhi. Kosa la kusaini kabla ya kuijaribu mashine ni langu."