Filimbi ya Mchana

Usiku mtaani kwetu una wenyewe. Vijana wa ulinzi shirikishi wanazunguka na tochi na marungu, wanasalimiana kwa sauti kubwa mpaka unatamani mwizi aje tu, labda watanyamaza. Mchana ndio ulikuwa hauna mwenyewe. Asubuhi wanawake wanashuka soko la Mwigobero na ndoo zao za dagaa, wanaume wanatawanyika kila mtu na njia yake, watoto wanakwenda shule, halafu mtaa mzima unabaki na kuku, nguo kwenye kamba, na mimi.

Mimi ni fundi cherehani na ninashonea barazani kwangu. Musoma si mji mkubwa, lakini kwangu mimi kutoka barazani hadi sokoni ni safari ya kuaga watu. Kitambaa naletewa kutoka Bunda, wateja wananifuata wenyewe, uzi ananinunulia mke wangu akirudi kuuza samaki. Yeye anasema akitaka kunificha kitu hana haja ya kufuli, anakiweka tu ng'ambo ya barabara.

Basi, wezi wa mchana wakaanza. Kwanza uliondoka mtungi wa gesi. Kisha mashuka yakiwa bado mabichi. Siku waliyobeba sufuria ya maharage ikiwa jikoni inachemka, mwenyekiti wa mtaa akaitisha mkutano.

"Nauliza swali dogo tu," akasema. "Mchana nani huwa yupo?"

Waligeuza shingo zote pamoja, wakaniangalia.

"Fundi si anashindaga pale kama kuku anayeatamia?" akasema mama mmoja muuza dagaa.

"Anaatamia lakini haangui," akadakia mwingine. "Suruali ya mume wangu iko chini yake mwezi wa pili huu."

Walicheka mpaka mwenyekiti akapiga meza. Nikaona nimeshavishwa filimbi shingoni, ya marefa ile, juu ya futi yangu ya kupimia. Hivyo ndivyo nilivyochaguliwa kuwa ulinzi wa mchana, peke yangu.

Kulikuwa na kanuni mbili. Ya kwanza: nikipuliza mara tatu, kila aliye karibu anatoka na chochote alichoshika. Ya pili mwenyekiti aliirudia kama anayemfundisha mtoto kufunga kamba za viatu: aliyekamatwa haguswi mpaka aliyepuliza aje mwenyewe, asimame mbele yake, aseme kwa mdomo wake alichokiona. Kanuni hiyo ilikuwa na sababu. Mwaka uliopita, mtaa wa chini yetu, walimpiga mtu aliyekuja kuziba bomba la maji. Alivunjika taya. Walipomtafuta yule aliyepiga kelele za mwizi, walimkuta ndani kwake anakula ugali.

Kanuni ya kwanza niliikariri. Ya pili niliona hainihusu sana, kwa sababu ndani yake kulikuwa na kutembea.

Sitaki kudanganya, kazi niliipenda. Nilinunuliwa daftari la shule nikaanza kuandika. Saa tatu: mbuzi. Saa tatu na nusu: mbuzi yule yule. Kumbe mbuzi wa jirani yangu wa juu anajua kufungua geti kwa pembe, na akishaingia analisukuma lijifunge. Kumbe mzee wa mwisho wa njia, anayejulikana kwa ukali, akibaki peke yake anawasimulia bata habari za redioni. Kumbe kuna watu wawili wanaorudi nyumbani kula saa nne na wanakula tena saa saba kama hawajaonja kitu tangu alfajiri. Nilikuwa nimeishi hapo miaka kumi na minne nikidhani naujua mtaa. Nilikuwa naijua sindano.

Mkabala na baraza langu anakaa mama mmoja mjane. Ua wake ni wa minyaa, mrefu kiasi cha kumfikia mtu kidevuni, ila baraza langu liko juu, naona mpaka mlangoni kwake. Siku moja, jua limeshapanda, nilimwona mwanaume ubavuni mwa ua ule, upande wa nje. Kijana, labda miaka ishirini na nane, koti la kahawia, viatu vimejaa vumbi jekundu. Hakuwa anapita. Alikuwa amejikunja.

Niliacha kukanyaga cherehani.

Mama alikuwa ndani, nasikia vyombo. Kila chombo kikigonga, yule kijana anainama zaidi. Mama akatoka na chupa ya chai mkononi, akafunga mlango, akainama kidogo pembeni ya kopo la maua, akaondoka kwa haraka. Alipokaribia kona ya ua, kijana akageuka akampa mgongo, akavuta koti mpaka kichwani, akachuchumaa kwenye minyaa kama mtu anayetafuta shilingi. Mama akapita hatua tatu kutoka kwake. Kijana akahesabu, nadhani, maana alibaki amechuchumaa muda mrefu. Kisha akaingia uani, akaenda moja kwa moja kwenye lile kopo la maua, akachukua ufunguo.

Moja kwa moja! Mimi mlinzi sikujua ufunguo unakaa hapo. Niliandika kwenye daftari: anajua ufunguo. Nikapiga mstari chini yake.

Alipotoka alikuwa na begi begani na beseni jipya mkononi. Akafunga mlango vizuri, jambo ambalo lingenifikirisha kama ningekuwa mtu wa kufikiri. Nikapuliza. Mara tatu, halafu ya nne kwa sababu ilikuwa inanoga.

Kijana akashtuka akaanza kutembea upesi kuteremka. Milango ikafunguka. Sikujua tuna watu wengi hivyo mchana. Mmoja na mwiko wa ugali, mwingine na nyundo, wawili na vipande vya nondo kutoka pale wanapojenga. Walimzunguka chini kwenye kioski cha maji. Kutoka barazani nilikuwa naona vichwa tu, na beseni likiwa juu ya vichwa. Nikakaa. Nilikuwa nimemaliza kazi yangu, si ndivyo?

"Aliyepuliza yuko wapi?" sauti ikauliza huko chini. "Fundi! Shuka!"

Nikajifanya natafuta kandambili.

"Fundi, shuka kabla mkono wangu haujachoka kusubiri!" Huyo alikuwa mwenye nondo.

Hapo ndipo taya la yule mtu wa bomba liliponijia akilini. Nilishuka. Ni hatua kama themanini, na sina kumbukumbu ya kuzitembea.

Walinipa nafasi. Kijana alikuwa amekumbatia begi kama mtu anayekumbatia mtoto, na jasho linamtiririka. Nikasema nilichokiona, kama kanuni inavyotaka: alijificha, akasubiri mwenyewe aondoke, akajifunika uso, akachukua ufunguo, akatoka na vitu. Nilivyokuwa nasema ndivyo nilivyosikia jinsi kilivyo kibaya. Kila neno lilikuwa kweli na kila neno lilikuwa linamsogeza mwenye nondo.

"Wewe unasemaje?" nikamuuliza.

"Pale ni kwa wakwe zangu," akasema. "Nimetumwa na mke wangu."

"Wakwe?" akasema mwenye mwiko. "Basi rahisi. Tumwite mama aje akutambue."

Kijana akaruka. "Hapana! Nawaomba msimwite mama! Asije hapa!"

Watu wakaguna wote kwa pamoja. "Mwizi gani huyu," akasema mmoja, "anamwogopa mwenye mali kuliko nondo?"

"Begi lina nini?" nikauliza, natafuta muda.

"Sijui. Kapanga mke wangu."

"Hata alichoiba hajui!"

Nikalifungua mimi mwenyewe. Vitenge viwili, sweta dogo la rangi ya maziwa, na vigauni vinne vya flana, vya kumwingia mtu mwenye ukubwa wa kiganja. Nikashika pindo la kimoja. Lilikuwa limekwenda upande. Pindo la kwenda upande hivyo, mkoa mzima wa Mara, kutoka Kiriba hadi Buhemba, analishona mtu mmoja.

"Hivi nimeshona mimi," nikasema. "Mama aliniagiza mwezi uliopita."

Nilisema kwa furaha. Nilidhani nimemwokoa.

"Si ndiyo!" akasema mwenye nondo. "Kwa hiyo ni vya mama, si vyake!"

Ndipo nikamwangalia kijana vizuri. Viatu vyake vilikuwa na vumbi lile la barabara ya Butiama. Alikuwa hatuangalii sisi, alikuwa anaangalia njia ambayo mama angejia, kwa hofu kabisa, huku amejiweka tayari kugeuka. Nami nikamkumbuka baba yangu mzazi, mtu mzima mwenye heshima zake, alivyowahi kuingia kwenye shamba la mihogo na suti ya kanisani kwa sababu mama mkwe wake alikuwa anakuja mbele. Mtu wa kwetu hamtazami mama mkwe usoni. Hampi mkono, hapiti mbele yake, haingii alimo. Yule kijana hakuwa amejificha ili aibe. Alikuwa amejificha kwa adabu, tena adabu ya kiwango cha juu, na mimi nimeiandika kwenye daftari na kuipigia mstari.

"Subirini," nikasema. "Mkeo yuko wapi?"

"Hospitali. Alikuja juzi jioni kujifungulia kwa mama yake; uchungu ulianza usiku wa kuamkia leo, nikaja na bajaji kumchukua, nikakaa mbele na dereva. Nesi ametaka vitenge zaidi na beseni. Mama alikuwa ameshaondoka kuja kupika uji, mke wangu akanipigia simu nije mimi, akanielekeza ufunguo." Akaangalia njia tena. "Nimefika nikamkuta mama bado yumo. Ningefanyaje?"

Bajaji ile niliisikia. Niligeuka upande wa pili, nikalala. Mlinzi.

"Maneno anayo," akasema mwenye nondo. "Kila mwizi ana mke hospitali."

Hata mimi sikuwa na ushahidi, nilikuwa na baba yangu kwenye mihogo tu. Nikafanya jambo ambalo mke wangu mpaka leo anaomba nimsimulie upya: nikasimama kati ya kijana na nondo, na futi shingoni. Nikasema aliyepuliza ni mimi na sijamaliza kusema, na kanuni inasema haguswi mpaka nimalize. Nikaanza upya tangu mwanzo, polepole. Nikaanzia kwa mbuzi. Bodaboda mmoja alikuwa ameshaondoka kumfuata mama hospitali.

Nilikuwa nimefika kwenye bata pikipiki iliporudi. Mama alishuka mbali, hatua ishirini hivi. Aliona koti la kahawia katikati ya watu, na pale pale akatupa mgongo, akavuta kanga ikafunika uso. Kijana naye alikuwa ameshageukia ukuta wa kioski.

"Mama, mwangalie utuambie!" watu wakapaza sauti.

"Simwangalii," akasema mama, akiuambia mti wa mbele yake. "Mnataka kunitia laana na uzee huu?"

"Sasa tutamjuaje?"

"Mimi mwenyewe uso wake siujui. Siku ya mahari nilichungulia dirishani nikaona kisogo." Akafikiri. "Fundi, uko hapo?"

"Niko, mama."

"Muulize huyo mtu. Ng'ombe mmoja wa mahari aligoma njiani. Yupi, na wapi?"

Kijana alikuwa amesikia, kila mtu alikuwa amesikia. Lakini hakujibu. Alinisubiri. Nikageuka nikamuuliza neno kwa neno.

"Mwambie mama," akauambia ukuta, "ni yule mwekundu mwenye pembe moja. Alilala kwenye daraja dogo baada ya Butiama. Tulimpa chumvi akakataa. Baba mdogo akamwimbia, ndipo akasimama."

Nikageuka tena. "Mama, anasema—"

"Ni yeye," mama akasema. "Hilo la kuimba halijui mtu mwingine. Tuliwacheka wiki nzima." Nondo ilishuka ikagusa ardhi, nikasikia mlio wake. "Na wewe uliyepuliza, Mungu anakuona. Sasa mwambie ashike ukuta vizuri, asije akaanguka."

"Aanguke kwa nini, mama?"

"Mwambie mkewe amejifungua. Wa kike. Nimemwacha anamnyonyesha, wamemfunga kwenye kanga ya mgonjwa mwenzake kwa sababu vitenge vimekamatwa na mtaa wetu."

Nikamgeukia kijana. Alikuwa tayari analia, paji la uso kwenye ukuta, lakini alinisubiri mpaka nimwambie.

"Mama anasema mmepata mtoto wa kike."

"Mwambie mama, asante," akasema.

Mwenye mwiko ndiye aliyepiga kigelegele cha kwanza. Mwenye nondo alibeba beseni mwenyewe mpaka kwenye pikipiki, na hakumruhusu mtu mwingine kulishika. Mama alitangulia na bodaboda yake, kijana akafuata na nyingine, umbali wa heshima.

Nilitaka kurudisha filimbi. Mwenyekiti alikataa, alisema nimeipuliza vibaya lakini nimeshuka, na kushuka ndiko alikokuwa na wasiwasi nako. Yule mwenye nondo alinishikia geti la kwangu. Niliporudi barazani nilikuta kuna mtu amebeba kandambili zangu nzuri, zile nilizojifanya nazitafuta. Sikuandika kwenye daftari.

Mkwe wa jirani bado anakuja, kila mara akipata nafasi, kumwona mtoto, maana mkewe bado yuko kwa mama yake. Haendi tena kwenye minyaa. Anakuja kwangu, anakaa kwenye benchi la wateja, ananong'ona, "Shikamoo fundi. Mama yumo?" Naangalia daftari. Namwambia yumo, anasonga ugali, subiri. Tunasubiri, mimi nakanyaga cherehani, yeye ananisaidia kuhesabu mbuzi. Mama naye ameshajua, maana siku hizi akitoka anapiga kikohozi kimoja kikubwa upande wa baraza langu, kisha anaondoka bila kugeuka.

"Ametoka," namwambia.

Anasimama, anapangusa viatu, anavuka.