Ngano ya Asubuhi na Ngano ya Mchana

Mimi nimeishia darasa la saba, na silisemi hilo kwa aibu. Ghala la ngano hapa Gitting ni langu, mizani ni yangu, kompyuta iliyo mezani nimeinunua mwenyewe. Programu ya kujumlisha uzito wa ngano ndiyo aliyoniandikia binti yangu, mwalimu wa sekondari huko Babati. Ilikuwa fupi ajabu: asubuhi, alama ya kujumlisha, mchana, basi. Kila mkulima anapata jumla yake, wote kwa mpigo mmoja.

Tatizo, ilitegemea nyongeza fulani ya kupakuliwa, ambayo kompyuta yangu kuukuu iliikataa.

"Baba, subiri nije Jumamosi," binti akasema kwenye simu. "Lazima iandikwe upya kwa orodha za kawaida za Python, lugha yenyewe ya programu."

Nisubiri, mimi niliyejifunza trekta kwa kutazama tu? Nikafuta ile nyongeza, nikapanga namba kwenye orodha mbili, ya asubuhi na ya mchana, alama ya kujumlisha nikaiacha palepale. Kompyuta haikulalamika. Nikawatangazia wapagazi kwamba shule inachelewesha watu.

Wakulima walikuwa wameleta ngano asubuhi kabla ya chakula na mchana baada ya chakula. Ng'ambo ya barabara lilisimama lori la mnunuzi mwingine, likingoja atakayenichoka. Nikaanza kuwasomea jumla zao kwa sauti ya mbunge.

"Mwanangu," mama mmoja mzee akanikatisha, "hiyo ni ya asubuhi. Ya mchana umeila?"

Nikamwomba avumilie, nikaendelea. Majina yakaisha, namba zikaendelea.

"Bosi, na hao wasio na majina ni akina nani?" mwingine akauliza. "Marehemu?"

Wakacheka. Mama hakucheka, alianza kurudisha magunia yake kwenye mkokoteni wa punda. Nikampigia binti haraka, nikamweleza.

"Alama umeiacha ileile?"

"Nimeiacha."

"Orodha za kawaida ukizijumlisha hivyo zinaungana tu, ya mchana inafuata mkia wa ya asubuhi. Lazima uiambie ipite kwa mtu mmoja mmoja. Ukifika msibani, baba, husemi shikamooni mlangoni ukakaa. Unampa mkono kila mzee."

Akanisomea, nikaandika: kwa kila nafasi, chukua ya asubuhi, chukua ya mchana ya mtu huyohuyo, jumlisha, weka kwenye orodha mpya. Nikasahau kusogeza mistari ndani, kompyuta ikanigomea. Nikasogeza. Ikakubali.

Nikasoma upya, safari hii kwa sauti ya mtu wa kawaida. Mama akasikiliza jumla yake hadi mwisho.

"Sasa umepatia, mwanangu," akasema. "Ila nimeshapakia."

Akamswaga punda wake kuelekea kwenye lori.

Wengine walibaki, na ngano yao ikaingia ghalani. Nikawaambia kwamba kwa lile kosa nilikuwa nawapima kama wako macho. Hakuna aliyebisha, maana hakuna aliyeweza kusema kwa jinsi walivyokuwa wakicheka.