Saa moja kutoka saa tatu zilizokufa: fundi wa Tshopo wakati wa vita

Wakuu, habari za humu.

Haya nayaandika kama yalivyonitokea. Sina haja ya kuongeza chumvi, mtaona wenyewe.

Miaka ya vita nilikuwa Kisangani nauza vitenge, ila kwetu ni Butembo. Dada yangu Masika alikuwa nesi kwenye kituo kidogo cha afya kwenye komini ya Tshopo, hapohapo mjini. Saa yake ilichukuliwa na askari barabarani.

Kwa msiojua: drip ya kinini, dawa ya malaria, matone yake huhesabiwa kwa saa. Yakikimbia sana, moyo unaweza kusimama. Masika akawa anahesabu kwa kichwa tu. Aliniambia anaogopa siku moja ataua mtu.

Meli hazikuwa zinafika tena, kwa hiyo saa mpya hakuna. Sokoni nikapata moja kuukuu ya kujaza kwa mkono, rahisi kama mche wa sabuni. Haina kioo, haina mshale wa sekunde, na haitembei.

Nikaipeleka kwa Papa Lokwa, mzee wa Isangi aliyekuwa na kimeza chake cha kutengenezea saa karibu na soko. Nikamweleza shida ya Masika. Aliifungua, akaitazama weee.

"Itatembea," akasema. "Lakini uniletee zingine zenye zimekufa."

Nikazunguka kwa jamaa, nikapata mbili. Moja ikatoa springi, ya pili mshale wa sekunde. Tundu la mshale lilikuwa pana, akalibana kidogo kidogo na kibano mpaka likashika. Kioo alikichonga kutoka plastiki ya dirisha la ndege mbovu, akakisugua kwa dawa ya meno kikang'aa. Ndiyo, dawa ya meno.

Bon, siku ya kuunganisha, vipande viko wazi mezani, mabomu yakaanza kulia upande wa daraja la Tshopo. Watu wakatawanyika. Mimi nikajitupa chini ya meza.

Papa Lokwa alifunika vipande vyake kwa bilauri, akaikandamiza kwa mikono miwili, akabaki amekaa vilevile. Meza inatetemeka, bilauri haisogei.

Kulipotulia nikamuuliza kwa nini hakulala chini.

"Skurubu moja ikipotea, nitapata wapi ingine? Na dada yako iko anangoja."

Akaendelea na kazi.

Alipoijaza, mshale ukaanza kuzunguka. Mji mzima umefunga, ila ule mshale unakwenda. Nikaikimbiza kwa Masika.

Wiki hiyohiyo aliletwa mama mmoja wa Yanonge, malaria imempanda kichwani, hajitambui. Masika alikaa naye tangu asubuhi, jicho kwenye saa, jicho kwenye matone. Alasiri yule mama akafungua macho, akauliza pirogi yake kule mtoni nani anaichunga.

Baadaye nilirudi Butembo. Papa Lokwa sikumwona tena, na kila niliyemuuliza hajui aliko.

Nilichojifunza: nilikuwa nadhani ujasiri ni wa wenye bunduki. Sikuujua kabisa.

Nanyi wakuu, kama mmewahi kukutana na fundi wa aina hii, mtajeni hapa, hata kama hayupo tena.