Saa ya Pembeni

Mtaani walimwita Mzee Majira, na jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa limebaki kwenye vyeti tu. Alikuwa fundi saa. Kibanda chake kilikuwa ubavuni mwa nyumba yake mwenyewe: meza moja, taa ya shingo ndefu, na ile lenzi aliyoibana jichoni miaka nenda miaka rudi mpaka ikamwachia alama ya duara usoni. Saa za kutia ufunguo aliziheshimu. Hizi za betri aliziita vichezeo, lakini alizitengeneza, kwa sababu tumbo halijui dharau.

Alikuwa na mwiko mmoja wa kazi, na kwa mwiko huo alikuwa mbishi kupita kiasi. Saa ambayo mwenyewe hajaileta kutengenezwa, yeye haigusi. Akienda kwa watu akakuta saa ya ukutani imechelewa, alikunywa chai yake huku roho inamuuma, akaaga, akaondoka kimya. Ukimuuliza kwa nini hakusema, anakujibu, "Labda wanataka ichelewe."

Sasa mtu huyu huyu alikuwa na saa moja nyumbani kwake isiyokubaliana na nyingine yoyote, na ndiyo aliyoipenda kuliko zote. Ilikuwa pembeni mwa kioo cha kompyuta, kule chini mkono wa kulia, tarakimu ndogo ambazo mtu mwingine hazitazami mara mbili.

Kompyuta yenyewe ilikuwa ya bintiye, ya mezani, nzito kama gunia la saruji. Binti aliisomea, akapata kazi nchi ya mbali, na jioni ya mwisho kabla ya safari akaketi mbele yake kwa muda mfupi, akabonyeza hapa na pale, kisha akamwita mzee. "Baba, hii saa nimeiweka ya kule ninakokwenda. Usiiguse. Ukitaka kujua nafanya nini, iangalie tu." Mama yake alikuwa ameshatangulia mbele ya haki. Nyumba ikabaki na mzee, viti vinne vya kulia chakula, na ile saa.

Basi ikawa ndiyo maisha yake. Asubuhi, hata kabla hajafungua kibanda, anaondoa kitambaa kwenye kompyuta, anaiwasha, anaisubiri iamke kwa kuguna na kunguruma, kisha anatupa jicho pembeni. Kule ni mchana. "Anakula sasa hivi," anajiambia, naye anakunywa chai yake ili wasipishane sana. Mchana mteja yuko mbele yake anaeleza maradhi ya saa yake, mzee anageuka kidogo kuchungulia ndani, anasema, "Huyo katoka kazini." Wateja walishamzoea. Mmoja alimuuliza saa yake itakuwa tayari saa ngapi, mzee akamwuliza, "Ya huku au ya kule?" Wala hakuwa anatania.

Jumamosi alasiri, pembeni pakifika saa tatu usiku, alifungua ile programu ya kupigiana simu kwa picha. Saa hiyo aliichagua kwa hesabu zake za mzazi: mtoto ameshafika nyumbani, ameshaoga, ameshakula, na bado hajalala. Binti alipokea mara moja, kila Jumamosi, nyuma yake taa imewashwa na pazia limefungwa. "Najua sasa hivi umeshavua viatu," mzee alimwambia, na binti alicheka akasema ndiyo baba, nimeshavua. Ikawa ndiyo salamu yao. Siku nyingine mzee aliona macho ya mwanawe mekundu, akamgombeza kwa kufanya kazi sana, naye akajibu ni kawaida tu.

Katikati ya miaka hiyo binti alimwambia kwamba kazini wamemhamishia tawi jingine, mbali kidogo. Mzee aliuliza kama nyumba mpya ina maji na kama kitasa cha mlango kinashika vizuri. Akaambiwa vyote vipo. Akaridhika. Kwake yeye tawi lilikuwa ni kama kutoka posta ya sokoni kwenda posta ya stesheni.

Kisha siku moja ile programu ikagoma. Iliandika kwamba mfumo wa kompyuta hii ni wa zamani na hauwezi kuendelea nao. Mzee akaizima, akaiwasha, akaizima, akaipiga kibao ubavuni kama alivyoona watu wakipiga redio. Wapi. Ikabidi wasemezane kwa simu yake ya vibonye, sauti inakuja inakatika kama ya mtu aliye ndani ya pipa.

Mtu wa kumwendea alikuwa Bi Waya, mama mwenye duka la kutoa kopi kona ya mtaa, aliyepewa jina hilo kwa sababu mkoba wake haukufungika kwa nyaya. Alikuja, akaitazama, hakuhitaji hata kukaa.

"Mzee Majira, hapa dawa ni moja. Tunaongeza kumbukumbu, tunaweka mfumo mpya, unaanza kumwona mtoto tena."

"Na saa?"

"Saa itajirekebisha yenyewe."

"Basi acha."

Bi Waya alimtazama kama mtu aliyeambiwa asizime moto. Akamweleza, akambembeleza, akamtania kwamba fundi saa anaogopa saa. Mzee akashika lake. Alimwambia kwamba sura ataipata siku mtoto akija, lakini saa ile mwenyewe alikataza isiguswe. Bi Waya akabeba mkoba wake akaenda zake.

Kilichomvunja mzee ni nywele. Siku moja, kwenye ile simu ya pipa, binti alisema, "Baba, nimekata nywele. Zote, fupi kabisa." Mzee akasema vizuri, zitakupunguzia joto. Alipoweka simu chini akagundua kwamba hata akilini hamwoni tena. Kutwa nzima alikaa kibandani akijaribu kumvika mwanawe kichwa kipya, na kila akimvika anakuwa mtu mwingine, jirani, mteja, shangazi yake wa zamani. Alimtamani mwanawe kwa namna iliyomtia aibu mtu wa umri wake. Alitaka kuona masikio yake tu, basi. Akafunga kibanda mapema, akaenda dukani kwa Bi Waya shingo upande.

"Njoo Jumamosi," akasema. "Ila usinicheke."

Bi Waya hakucheka, naye mzee akampasha binti kwa simu kwamba Jumamosi wataonana saa ile ile yao. Jumamosi Bi Waya alikuja asubuhi, akafungua tumbo la kompyuta, akapuliza vumbi lililotosha kupanda mchicha, akachomeka kipande cha kumbukumbu, akahamishia picha zote kwenye flashi ili zisipotee. Kisha akaanza kuweka mfumo mpya. Kioo kikawa cheusi, kikawa cha buluu, kikaanza kuhesabu asilimia. Mzee alikaa kwenye kiti cha pembeni, mikono katikati ya magoti, mithili ya ndugu wa mgonjwa nje ya chumba cha upasuaji.

"Imekwama?"

"Haijakwama. Inafikiri."

"Kwa muda wote huu?"

"Na wewe ukiambiwa usahau kila kitu ujifunze upya, si utafikiri?"

Ilifikiri mpaka jua likavuka paa. Ilipofunguka ilikuwa safi, ina picha ya mlima ambao mzee hakuujua, na pembeni, kule chini kulia, paliandikwa saa tisa kasoro alasiri. Akainua macho kwenye saa ya ukutani. Saa tisa kasoro alasiri. Nyumba nzima ilikuwa imejaa saa, zote sasa zinakubaliana, na hakuna hata moja iliyomwambia habari za mwanawe.

Bi Waya aliuona uso wake. "Subiri kwanza, usife moyo. Huu mfumo unakubali saa mbili. Nakuwekea na ya kwake, inakaa chini ya hii. Yuko mji gani?"

Mzee akautaja mji, silabi kwa silabi, kama binti alivyomfundisha alipohama. Bi Waya akaandika. Saa ya pili ikatokea, naye mzee akasogea, akatoa macho, kisha akatikisa kichwa.

"Umekosea. Hapo inasema saa saba kasoro usiku. Kule sasa hivi ni saa tatu kasoro."

"Siiweki mimi, mzee. Inajichukulia yenyewe."

"Mimi nimekaa na saa yake miaka, Bi Waya. Saa hizi ameshakula, ananisubiri. Hebu jaribu mji wake ule wa kwanza."

Bi Waya akajaribu. Saa tatu kasoro usiku, kama ilivyokuwa siku zote. Akaurudisha ule wa sasa. Saa saba kasoro.

Mzee akarudi kwenye kiti chake. Alikuwa fundi, na fundi hahitaji kufunguliwa saa mara ya tatu. Saa ya bintiye ilikuwa imebaki kwenye mji ambao binti aliuacha. Naye, aliyesikia sekunde zilizopotea kwenye ukuta wa mtu, hakuwahi kuikagua, kwa sababu mwenyewe alimwambia asiiguse. Yale macho mekundu. Lile pazia ambalo hakuwahi kuliona limefunguliwa. Bi Waya, ambaye mdomo wake haukujua likizo, akairudisha ile programu ya simu, akakusanya nyaya zake polepole, akasema atapita kesho kuangalia inavyokwenda, akatoka na kuufunga mlango mwenyewe.

Mzee akataka kuizima. Usiku wa manane wa mtu si wa kupiga simu. Mkono ulikuwa bado njiani pale kompyuta ilipoanza kuita yenyewe. Mpigaji alikuwa binti, amechoka kusubiri.

Akapokea. Na huyo hapo, kichwa kidogo chenye nywele fupi, masikio wazi, masikio ya mama yake kabisa. Taa imewashwa. Pazia limefungwa.

"Shikamoo, baba. Naona wameiponya."

"Marahaba, mwanangu." Akasogeza kiti karibu. "Umekula?"

"Ndiyo kwanza nimemaliza. Hata vyombo sijaosha."

Mzee akatazama zile tarakimu pembeni, kisha akamtazama mwanawe. Akamuuliza kwa upole lile swali ambalo maisha yake yote aliwauliza wateja, saa iliyoharibika ikiwa kiganjani.

"Imeanza lini?"

"Nini, baba?"

"Kuamka usiku kwa ajili yangu. Bi Waya kaniwekea saa yako, ya mji wako wa sasa. Naiona hapa."

Binti alishika shavu. Alitazama chini, akatazama taa, na alipokosa pa kutazama akamtazama baba yake.

"Tangu nihame."

"Kila Jumamosi?"

"Naweka kengele. Naamka, nanawa uso, nawasha taa. Si kazi kubwa, baba."

"Kwa nini hukuniambia? Ningepiga asubuhi. Ningepiga wakati wowote."

"Mwanzoni nilitaka kukuambia. Halafu ukapiga ukasema, najua sasa hivi umeshavua viatu." Akacheka kidogo, na machozi yakamtoka humo humo ndani ya kicheko. "Huku hakuna anayejua kama nimevua viatu au sijavua, baba. Hakuna anayejua hata kama nimerudi. Nikaona nikikuambia saa ni mbovu, utaacha kuiangalia."

Mzee aliinamisha kichwa. Alitaka kusema kwamba asingeacha, kwamba angeiangalia hata ingesimama kabisa. Akajipangusa uso kwa kile kitambaa cha kufunikia kompyuta.

"Nenda kalale," akasema mwishowe.

"Ndiyo kwanza nimekuona. Miezi yote hiyo."

"Lala, usikate. Niweke hapo karibu na mto."

Binti akasita, kisha akamchukua, chumba kizima kikazunguka, akamweka pembeni ya mto. Mzee aliona sikio, shuka, na mkono ukinyoosha vidole kuelekea taa. Kikawa giza. Katika giza akasikia kitanda kikilia, pumzi moja ndefu, kisha pumzi nyingine.

Alitoka polepole, akaleta kutoka kibandani saa ya mteja na lenzi yake, akarudi kuketi mbele ya kioo cheusi. Akafanya kazi bila kugonga kitu. Kila baada ya muda aliinua jicho pembeni, kwenye ile saa ya chini, ikamwambia kwamba kule ni usiku wa manane na mwanawe amelala, na mwanawe alikuwa amelala.